Jeshi Alilolivusha Visari

Baba yake Visari alipigwa bakora arobaini mbele ya lango la ngome ya Ravari kwa sababu ya kilemba. Ilikuwa siku ya harusi yake ya pili. Furaha ikamsahaulisha, akapita sokoni nacho kichwani. Mjati, mtu wa kabila lao lililodharauliwa, hakuruhusiwa kilemba. Hakuruhusiwa hariri, wala makubazi, na kila atokapo nyumbani sharti afuatane na mbwa, ili watu wamtambue kwa mbali wasije wakamgusa kwa bahati mbaya. Ndiyo iliyokuwa sheria ya wafalme. Karani mkuu wa ngome, Mbrahmini wa tabaka la juu aitwaye Haradati, ndiye aliyezihesabu bakora hizo kwa sauti ya upole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Mzee aliishi miezi minne baada ya hapo.

Kwa hiyo Waarabu walipofika ukingo wa magharibi wa Mto Sindhu na kupiga mahema yasiyo na mwisho, Visari hakuogopa kama wengine. Alikuwa mvushaji, mwenye mashua mbili, na mto ule aliujua kuliko alivyowajua wakwe zake. Habari zilikwisha kumfikia kwamba watawa wa Budha katika mji wa Neruni wamefungua lango wenyewe, wakapewa barua ya amani, na hakuna aliyewavunjia hata chungu.

"Nasikia wakisali husimama safu moja," alimwambia mkewe, Ranali, aliyekuwa akikamua nyati. "Bwana na mchunga ngamia, bega kwa bega."

"Umesikia kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu hao hao walituambia mfalme ana tembo asiyekufa." Ranali hakuinua uso. "Visari, aliyekuja na upanga hakuja kukuvika kilemba. Kaa na mashua zako."

"Na mdogo wako? Jami atawafulia nguo wake za mabwana huko ngomeni mpaka lini, anatupiwa makombo kama mbwa?"

"Jami yu hai. Anayetupiwa anakula."

Adhuhuri ya siku ya pili Visari alivuka peke yake, mikono juu, hadi kambini.

Waliompokea walimwita mkalimani, mtu wa Makrani aliyeitwa Zuraiki. Nchi yake ilikuwa imeshindwa na Waarabu hao hao zamani kidogo, na Kisindhi chake kilikuwa kizito lakini cha kueleweka. Alimpeleka kwa mkubwa wa kikosi cha kuvuka, mtu mwembamba aliyekuwa akila tende.

"Anauliza wataka nini," Zuraiki alisema.

"Mwambie nitawaonyesha mahali pa kuvukia, na nitawaletea mashua za Wajati wote. Nataka kuvaa kilemba na viatu, mimi na watu wangu. Na shemeji yangu aliyeko ngomeni asiguswe."

Mkubwa alicheka, tende mdomoni. Zuraiki hakucheka. Alisikiliza jibu, akageuka. "Anasema kwao hakuna wa kuvaa na wa kuvuliwa."

"Na shemeji yangu?"

Mkubwa aliitikia kwa kichwa. Jina la shemeji hakuliuliza. Akaagiza Visari apewe kitambaa cheupe na makubazi ya ngozi ya ngamia. Visari aliyavaa pale pale, na alipotembea alinyanyua miguu juu kama kuku, maana hakuzoea.

Mashua thelathini na nne zilikusanywa. Zilifungwa moja kwa nyingine kando ya ukingo, kisha asubuhi, jua likichomoza, kichwa cha mnyororo ule kikaachiwa, na mkondo ukausukuma mpaka ukagusa ng'ambo. Ilikuwa akili ya Visari mwenyewe. Wapiga mishale wa mfalme waliua wavushaji watatu, mmoja wao binamu yake, lakini daraja lilishika na jeshi likapita juu yake. Baada ya siku chache mfalme aliuawa vitani, na waliosalia wakajifungia ngomeni.

Ngome ilipokaribia kuanguka, wake wa mfalme walikusanya kuni na mafuta katika ukumbi wao wakajichoma, ili wasitiwe mikononi mwa adui. Jami, mfua nguo wao, aliufuata mlango wa ukumbi pamoja nao. Alizuiwa. Mjati haingii ukumbi wa malkia, hata kufa. Askari wa Waarabu walimkuta nje, ameketi kwenye jiwe lake la kufulia.

Visari aliposikia kwamba yu hai alimwambia Ranali, "Si nilikuambia? Nitamleta." Akafunga kilemba, akavaa makubazi, akaenda barazani ambako naibu mpya wa amiri wa Waarabu alikuwa akiwasikiliza wenyeji.

Alimkuta Haradati ameketi kwenye zulia, mkono wa kulia wa naibu. Alikuwa amenyoa kichwa na nyusi kwa msiba. Wanawe wawili walianguka pamoja na mfalme. Lakini wageni walihitaji watu wanaoijua nchi, na hakuna aliyeijua kama yeye.

"Hawa Wajati," naibu aliuliza, "mfalme alikuwa akiwatendeaje?"

Haradati alieleza yote kwa sauti ile ile ya upole: kilemba, hariri, viatu, mbwa. Hakuongeza neno wala hakupunguza. Zuraiki alitafsiri macho yakiwa chini.

"Watu gani hawa!" naibu alisema. "Basi na wakae walivyokaa."

Visari alijipenyeza mbele. "Bwana, mimi ndiye niliyewavusha."

Zuraiki akatafsiri. Naibu alimtazama, akatabasamu kwa wema. "Namkumbuka pale darajani. Mwambie kivuko ni chake tangu leo. Mjati mwenye kazi hana la kulalamikia."

Askari mmoja akakivuta kilemba, si kwa ukali. Makubazi Visari aliyavua mwenyewe.

Zuraiki alimfuata nje. "Ndugu yangu..."

"Usiniite ndugu. Shemeji yangu yuko wapi?"

"Wafungwa wameshagawanywa. Fungu lake linakwenda Iraki. Wanaondoka kesho kutwa."

"Uliniambia kwao hakuna wa kuvaa na wa kuvuliwa!"

"Niliyatafsiri. Sikuyasema." Zuraiki aliteremsha sauti. "Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili tangu nisilimu, Visari. Bado natozwa kodi ya kafiri. Jina langu hawalitaji ila pamoja na la kabila lililoninunua. Ningekuahidi nini mimi?"

"Ungeninong'oneza. Neno moja tu."

Zuraiki aligeuka, akarudi barazani.

Njia ya Iraki ilivuka mto, na kivuko kilikuwa cha Visari. Siku ilipofika aliletewa wanawake wamefungwa kamba viunoni, kumi kwa kila mashua. Jami alikuwa katika safari ya pili. Aliketi karibu na upondo, magoti yamekutana, mikono yake ya mfuaji imechanika.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji."

"Ranali hajambo?"

"Hajambo."

"Yule nyati wa paji jeupe kazaa?"

"Kazaa. Dume."

Jami alitikisa kichwa, kama kwamba hiyo nayo ni hasara. Kisha akasema, "Huko ndani walisema aliyewavusha ni wewe. Nikabisha. Nilimpiga mtu kofi."

Visari alisukuma upondo. Upande wa kusini, hatua hamsini tu, palikuwa na kizingia cha maji yanayozunguka, kinachomeza magogo mazima. Askari wawili mashuani hawakupajua. Aligeuza ubavu wa mashua kidogo, kisha kidogo tena. Hakujua kama anawaokoa wale wanawake au anajiokoa yeye asiwaone wakifika.

Jami alikuwa akimtazama mikono.

"Usitupeleke huko," alisema polepole. "Nataka kuishi, shemeji. Hata huko wanakotupeleka. Usinichagulie mara ya pili."

Visari aliinyoosha mashua. Walipofika ng'ambo Jami aliteremka pamoja na wenzake, kamba ikavutwa, nao wakaenda.

Nyumbani Ranali alikuwa ameshasikia. Alimwandalia mkate wa mtama na mtindi, akasubiri mpaka akala.

"Kuchoka kuvuliwa nguo sikulaumu," alimwambia. "Baba yako nilimuosha mimi ule mgongo. Lakini uliwauzia mto mzima, Visari, na Jami ukamtaja mwisho, kama nyongeza ya mnunuzi."

"Nilimtaja."

"Ulimtaja bila jina."

Asubuhi Ranali aliwaswaga nyati, na ndama yule, kuelekea kwa kaka zake kwenye matete ya kusini. Visari alimtumia mtu mara mbili kumsihi arudi. Wa pili hakurudi hata na jibu.

Yeye akaendelea na kivuko. Haradati alipita hapo kila alipokwenda Neruni kikazi, akimsalimu vizuri na kumuuliza kina cha maji. Wajati wenziwe walizunguka kutwa nzima hadi kivuko cha kaskazini, pamoja na mizigo yao na wagonjwa wao, ili wasipande mashua yake.