Siku Tano Bila Wifi

Tangu nitolewe tezi la shingo lenye saratani, nyumba yangu ya Nyaishozi haikauki wageni. Wanakuja kunipa pole, wanalikagua kovu, wananiambia nipumzike, kisha wanasubiri chakula. Nani anawamenyea ndizi? Mimi mgonjwa! Wifi yangu Mackrine alikuja kuniuguza. Wiki ya tatu sasa ananiuguza akiwa amekaa mkekani, akiuliza kama maharage yameiva.

Jana daktari akanieleza habari za dawa ya iodini yenye mionzi.

“Ukiinywa, mama, utakaa peke yako siku tano. Mtu asikukaribie, wala usimpikie mtu.”

“Hata wifi?”

“Hata wifi.”

“Ilete niinywe!”

Akacheka, akafungua faili langu. “Subiri kwanza. Uvimbe wako ulikuwa mdogo na umetoka wote. Kwako dawa hii si ya lazima. Uamuzi ni wako.”

Nikafikiri. Dawa nimeshakunywa za kutosha.

“Basi dawa tuiache, daktari. Niandikie tu karatasi ya kutokaribiwa siku tano. Na uigonge muhuri, maana Mackrine haamini karatasi isiyo na muhuri.”