Chumba Changu Kilivyotukuta Njiani

Nyumba kubwa kuliko zote kijijini kwetu Vale de Urzes, Ureno, ni yetu: vyumba tisa, roshani mbili, ngazi ya mawe. Hayo nilimwambia jirani yetu Mfaransa aliyeshuka kumtembeza mbwa alfajiri ile ya safari, huku baba akilisukumiza sanduku la mwisho kwenye buti kwa goti. Ufunguo wa chumba changu nilikuwa nimeuning'iniza shingoni, ili na mbwa auone.

"Vilikuwa tisa," akasema Nélia kutoka kiti cha nyuma. "Sasa ni vitatu."

Nélia ni mdogo wangu. Ana miaka minane na bado hajafundishwa kunyamaza.

Ni kweli baba alijenga tisa. Mwaka mzima huwawekea Wafaransa vigae mjini Clermont, na kila Agosti alikwenda kwao Ureno akaongeza chumba kwa mikono yake mwenyewe, mpaka vikawa vya kututosha sisi na hata wajukuu ambao hakuna aliyemwahidi. Mama yake, Bibi Umbelina, akabaki humo peke yake, kuvipiga deki na kuvifungulia madirisha. Kisha vikaanza kuondoka.

Chumba hakiondoki ovyo. Lakini mmoja wetu akiwa ndani yake akataja mahali pengine na kupaita nyumbani, chumba husikia. Hukaa kikilifikiria neno hilo, pengine miezi, halafu siku moja hung'oka na kulifuata. Ukuta hujifunga nyuma yake kama ufizi jino likishatoka. Chumba cha wageni kilifika mpaka maegesho yaliyo chini ya ghorofa letu Clermont, kikanyeshewa juma zima, mwisho likaja gari la kuvuta magari mabovu likakivuta. Mama alichungulia dirishani akasema angalau wangemwachia mapazia.

Tulipovuka mpaka wa Hispania mama alimpigia Bibi simu, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Mama, umeamkaje? Nyumba inaendeleaje?"

"Niko na jiko na chumba changu. Cha Telmo kimeondoka juzi nikikamua mbuzi. Hata kuaga hakikuaga." Telmo ni mimi.

"Na jiko?"

"Linayumbayumba. Nimebandika chungu tangu jana. Chumba chenye chungu motoni kina adabu, hakitoki. Ila kuni zinaniishia, mwanangu. Msikae njiani kupiga picha."

Baba alikanyaga mafuta, na vikombe vya zawadi vikaanza kugongana kwenye buti. Baada ya muda akauliza, macho yakiwa barabarani, "Nani amekiita chumba cha Telmo?"

"Si mimi," nikasema. "Naapa kwa kaburi la babu."

"Mwache babu yako apumzike," akasema mama.

"Basi ni Nélia. Huwa anaingia mle kuniibia chokoleti."

"Mimi hulala na Bibi," akasema Nélia, "na chumba cha Bibi hakijaenda popote. Tafuta mwongo mwingine."

Tulikikuta chumba changu mbele kidogo ya Burgos, kwenye kituo cha kupumzikia, kati ya lori la nguruwe na gari la Wamoroko lililobeba baiskeli na magodoro juu. Kilikuwa kimeelekeza dirisha kaskazini. Miguu ya kuta ilijaa vumbi la ngano. Dereva wa lori alikuwa amejilaza kwenye kivuli chake. Alipoona ufunguo shingoni mwangu akasogea kwa heshima.

Nikafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka zimepigwa pasi, blanketi la sufu limekunjwa miguuni. Palinuka sabuni ya Bibi. Jua la nje lilikuwa kali, kwa hiyo mama akatandika kitambaa kwenye meza yangu, tukala humo kababu za samaki wa chumvi na wali wa jana. Nélia alimpelekea dereva mbili. Baba alikula amesimama, akipapasa ukuta kwa kiganja. Alipomaliza akatoka, akakiegemezea bega, akakisukuma kuelekea kusini mpaka mishipa ikamtoka shingoni.

"Hakina rivasi," nikasema, ili mtu acheke.

Hakucheka mtu. Baba alipangusa mikono. "Lile dirisha nilikosea vipimo," akasema. "Nikalirudia mara ya pili." Kisha akaingia garini.

Nikachukua blanketi, nikafunga mlango. Tulipotoka, Nélia alikipungia mkono mpaka kikawa kidogo kama sanduku la viatu, kikielekea Clermont, ambako ninalala kwenye kochi.

Kila mwaka tukifika Bragança, mji wa mwisho kabla ya kijiji, husimama kuosha gari na kubadili nguo, kwa sababu hakuna mtu anayetoka Ufaransa akaingia kijijini na vumbi. Watu watasema huko mambo yamemshinda. Mwaka huu baba alipita pale pa kuoshea bila hata kugeuza shingo. Ndipo nikajua anaogopa.

Tulifika jua likiwa bado juu ya miti ya chestnati. Bomba la jiko lilikuwa likitoa moshi. Bibi alikuwa amechuchumaa mbele ya moto, anausukumia mguu wa kiti cha mwisho.

"Mmechelewa," akasema, akatubusu wote, vumbi na yote. "Mtakula mmesimama."

Jiko likaacha kuyumba. Baba na Nélia wakaenda kuomba kuni kwa jirani, mama akaanza kushusha masanduku. Tungelala sote humo, chini, kama soseji kwenye kikaango, na mwisho wa mwezi tungepakia tena. Hilo hakuna aliyelitaja. Chungu kilikuwa motoni.

Bibi akaliona blanketi begani mwangu. Akalinusa.

"Chumba kimekukuta?"

"Kimetukuta, Bibi. Kuna mtu alikiita. Ningemjua huyo mtu, angenikoma!"

Akanipa kisu na fungu la sukumawiki la supu. "Kata. Nyembamba kama nywele." Akasimama kando yangu, akachungulia uani, mama alikuwa mbali.

"Agosti iliyopita, jioni ya mwisho, kulikuwa na kabaridi," akasema. "Nikakuletea blanketi hilihili. Ulikuwa umelala chali, simu sikioni, unamwambia mtu, 'Kesho niko nyumbani, hapa nimechoka.' Nikasubiri mlangoni umalize. Ndipo nikagonga."

Kisu changu kikasimama.

"Baba yako nitamwambia ni upepo," akasema Bibi, akikoroga chungu. "Nyembamba, Telmo. Hayo unayokata ni ya mbuzi."