Okidi ya Semeni

Jumanne, tarehe 12 Machi 1996, ukungu wa kuvu ulimaliza miche yote ya okidi kwenye chupa za maabara pale Kibiti. Ilikuzwa kutokana na vipande vya mmea adimu aliouacha marehemu Semeni juu ya mkwaju wa nyumbani. Mkuu wa maabara, Joachim, akamfuata nyumbani mume wa Semeni, Mtoro, mfagizi wa maabara.

"Mzee, tupe mmea wote tuanze upya. Vumbi la ufagio wako limetuharibia."

Wakubwa wakiharibu, mfagizi hutwishwa.

"Ufagio haufungui chupa, bwana mkubwa! Jumamosi wageni wako wa Dar walitaka kunusa miche."

Joachim akatazama viatu vyake. Mtoro akauegemea mkwaju, panga mkononi.

"Huu hamuugusi. Nakuuliza, nani aliwafungulia chupa?"