Waya Uliosokotwa Kushoto

Mama Mayai alifika karakanani asubuhi akiwa amelowa ute wa mayai kuanzia magotini hadi viatuni. Aliegesha pikipiki yake ndogo mbele ya benchi langu, akanikazia macho kana kwamba ni mimi niliyeyavunja.

"Fundi, hiki kitu kina mashetani," alisema. "Sijavuta mafuta, kinapanda chenyewe. Nikivuta, kinalegea, halafu kinaruka ghafla. Trei tatu zimekwenda leo na sijafika kwa mteja hata mmoja."

"Pikipiki haina mashetani, mama. Mashetani wanao wenye pikipiki."

"Basi wa kwangu utawatoa baadaye. Anza na hii."

Nilimpenda papo hapo. Wateja wengi huja na jibu mkononi: shemeji yao amesema ni plagi, jirani amesema ni betri, nami nashinda kutwa nikibishana na watu ambao hata hawapo. Huyu alieleza alichokiona, akaketi, akaanza kupangusa viatu kwa gazeti kuukuu.

Niliiwasha. Kweli, bila mkono wa mtu injini ilipanda ikalia kwa hasira, ikashuka mpaka karibu kuzima, ikapanda tena. Chini ya vurugu hiyo kulikuwa na mlio mwingine upande wa kushoto, kwa-kwa-kwa, wa chuma kuchapa chuma. Maradhi mawili, mgonjwa mmoja. Nilichukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye ubavu wa injini na mpini sikioni, maana chuma hubeba sauti ya ndani hadi kwenye fuvu la fundi. Kisha, kama nifanyavyo kwa miaka minane sasa, nikageuka nyuma kumwambia mdogo wangu avute mafuta kidogo.

Nyuma palikuwa na ukuta na matairi yaliyotundikwa.

"Unamtafuta nani?" Mama Mayai aliuliza.

"Simtafuti mtu. Njoo ushike hapa, uvute nikikuambia."

Kazi hii ni ya watu wawili, na kwetu ilikuwa ya ndugu wawili wa tumbo moja. Mimi nilikuwa mikono, yeye masikio. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu. Kushika spana nilimfundisha mimi kabla hajaota ndevu, lakini kusikia hakufundishwa na mtu. Mteja akiwa bado hajakata kona, yeye kichwa chini anasema, "Kaka, yule wa mkaa anakuja, na cheni yake imekauka." Pikipiki ikitokeza, ni ya yule wa mkaa, na cheni imekauka. Nilikuwa najifanya sishangai. Ukweli ni kwamba nilimwonea wivu, na leo nalisema bila kuona haya. Tangu aondoke nimeajiri watu wanne kwa nyakati tofauti, wote wazuri, na wote nimewafukuza kwa sababu ambazo mke wangu anasema hazina kichwa wala miguu. Kosa lao lilikuwa moja. Hawakuwa yeye.

Nilianza na ule ugonjwa wa kupanda na kushuka. Injini ikifanya hivyo, mara nyingi inavuta hewa ya wizi: kuna ufa mahali, hewa inaingia bila kupitia kabureta, petroli inakuwa pungufu na injini haijui ikae wapi. Nilichovya brashi katika maji ya sabuni, nikapaka kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini. Povu likanyonywa ndani, na kwa muda wa pumzi moja injini ikatulia.

"Umempata?" Mama Mayai alipaza sauti.

"Nimempata. Zima."

Nilifungua. Mpira ulikuwa na ufa, na kuna mtu alikuwa ameshauziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia waya mwembamba mara tatu. Tyubu ilikuwa imekauka na kulegea. Nilishika koleo ili niukate waya, mkono ukasita wenyewe.

Waya ulikuwa umesokotwa kushoto. Mafundi wote ninaowajua husokota kulia. Na ncha yake ilikuwa imekunjwa na kurudishwa chini ya msokoto, ili fundi atakayefungua baadaye asichomwe kidole. Namjua mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Ni mashoto, na zamani nilikuwa nikimcheka mbele ya wateja, eti anapoteza muda kukihurumia kidole cha mtu asiyemjua. Nilikaa chini pale pale penye oili.

"Nani alikufungia hapa?"

"Fundi wa njia panda, kule ninakochukua mayai. Ni muda, miezi mitatu au minne. Alisema nirudi baada ya mwezi aweke mpira mpya, nikapuuza. Kwani amekosea?"

"Hajakosea. Ni mtu wa namna gani?"

"Mrefu, mkimya, mashoto. Kazi yake safi. Ila maringo, fundi! Ukimsalimia akiwa amekupa mgongo, hajibu. Unaweza kusimama pale ukaota mizizi."

Hapo nikapata shaka. Mdogo wangu ninayemjua alikuwa anasalimia mpaka kuku wa watu.

Lazima niseme alivyoondoka, maana miaka yote hii nimekuwa nikisimulia vibaya. Ililetwa pikipiki ya mwalimu mmoja. Mdogo wangu aliisikiliza, akasema ndani kuna kugonga, tusiifunge, tuifungue mpaka chini. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimechoka kuambiwa na mtu niliyembeba mgongoni habari ya vitu nisivyovisikia. Nikamwamuru afunge, akafunga. Siku ya tatu injini ilikamata barabarani, ikagoma kuzunguka, mwalimu akarushwa, akavunjika mtulinga. Ndugu zake walikuja karakanani wamefura, wakauliza ni nani aliyeifunga ile injini. Nami, mkubwa mtu, mwenye karakana, nikanyoosha kidole. "Huyu hapa," nikasema. Ni kweli ndiye aliyeifunga, lakini sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Hakujitetea. Alinitazama kidogo, akakusanya spana zake, akazifungia katika fulana, akaenda zake.

Mwaka juzi muuza vipuri mmoja alinipa namba yake ya simu, ingawa hakujua anakaa wapi. Ilinichukua wiki nzima kuibonyeza. Alipopokea nikasema yote kwa mkupuo, kabla moyo haujanigeuka: ni mimi, nilikusingizia, nisamehe. Akasema, "Haloo?" Nikarudia. "Haloo? Haloo? Nani?" Kisha akakata. Nilipopiga tena hakupokea. Mke wangu akasema huenda ni mtandao. Nikamwambia mtandao gani, huyu ananikejeli, na mimi nimeshajishusha vya kutosha. Nikaifuta namba, nikashinda siku nzima nikigombana na spana.

Mama Mayai alikuwa amemaliza viatu, sasa anachungulia kazi yangu.

"Na huu mlio mwingine?" nilimuuliza. "Huu wa kwa-kwa-kwa. Ulianza lini?"

"Huo wa siku nyingi. Ulikuwepo hata nilipokwenda kwake. Pikipiki inaunguruma, yeye amejiinamia hapo hapo pembeni, nikamwambia, fundi, na huu mlio je? Hata kichwa hakuinua. Na simu hapokei, mpaka umwandikie ujumbe. Ndiyo maana leo nimekuja kwako. Siwezi kubembeleza mtu."

Niliuweka mpira chini. Ule mlio ulikuwa wa mnyororo wa taimingi, ule wa ndani ya injini, umelegea unachapa ukuta, na hata mimi mwenye masikio ya mbao niliusikia kabla ya kushika bisibisi. Mdogo wangu angeusikia kutoka ng'ambo ya barabara, tena akiwa usingizini. Asingekubali mteja aondoke nao. Alikuwa hali chakula akashiba ikiwa kuna pikipiki inaondoka kwetu inalia. Sasa ufa mwembamba kama unywele, unaohitaji macho tu, ameuona na kuufunga kwa adabu zake zote. Mlio uliokuwa mbele ya pua yake ameuacha.

Nikaelewa. Hakuwa na maringo. Hakunikejeli. Masikio yale yalikuwa yameondoka, nami nilimwomba msamaha kwa simu mtu asiyesikia, halafu nikamchukia mwaka na nusu kwa kutonijibu.

"Fundi, unalia?"

"Ni petroli, mama. Inachoma macho."

"Petroli iko kule," alisema, lakini hakuniuliza tena.

Nilifunga mpira mpya, nikakaza kikazio cha mnyororo wa taimingi. Kazi ya dakika chache ilinila saa nzima, maana niliangusha nati mara mbili nikazitafuta chini ya benchi. Nilipoiwasha, injini ilikaa kwa sauti moja, haipandi haishuki, na upande wa kushoto kimya. Siku nyingine ningejisifu.

"Unarudi njia panda leo?" niliuliza.

"Nisirudi vipi, na wateja wananingoja? Lazima nikachukue mayai mengine."

"Nipeleke."

"Mimi nabeba mayai, fundi. Mtu sijawahi kumbeba."

"Basi nibebe kama yai."

Alicheka, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka, akasogeza trei tupu mbele ili nipate pa kukaa. Nilimpigia mke wangu nikamweleza. Akasema, "Nawa mikono, uvae shati la maana. Na usimwendee shemeji yangu kwa ukali wako." Nikanawa. Shati la maana lilikuwa nyumbani, na nyumbani sikuthubutu kupita, nisije nikapata sababu ya kuahirisha.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Kila tulipopita tuta yalimwagika nikaanza upya. Nilitaka kumweleza kwamba mwalimu alipona na bado anafundisha, kwamba kigoda chake kipo na hakuna niliyemruhusu kukikalia, kwamba siku nikikwama na injini huwa nasema "wewe unasikiaje?" na wateja wanadhani nawauliza wao. Nilitaka kujua masikio yalimpotea lini, na alikuwa na nani siku hiyo. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote. Mtu anaamka asubuhi, dunia imezimwa, na ndugu yake wa pekee hana habari kwa sababu ya kiburi.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya duka la ushonaji. Nilimwona kabla hatujasimama. Amezidi kukonda, ana mvi kisogoni, ametupa mgongo na ameinamia pikipiki inayounguruma. Hakuwa na bisibisi sikioni. Alikuwa ameweka kiganja cha kushoto juu ya injini, vidole vimetanuka, amefumba macho, anangoja chuma kimwambie kitu kwa kutetemeka.

Mama Mayai alipiga honi. Hakugeuka. Nikaita jina la utotoni, lile la mama, ambalo zamani aliliitika mara ya kwanza tu. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waligeuka wakaniangalia. Yeye hakugeuka.

Fundi cherehani alisimamisha mashine yake. "Mguse bega, mzee," alisema. "Hasikii. Mwaka wa pili huu, tangu ile homa."

Mama Mayai akajishika mdomo. "Na mimi nilivyomsema," alinong'ona.

Nikamgusa bega. Aligeuka na bisibisi mkononi, tayari kumwambia mteja asubiri, akaniona. Tulisimama hivyo, injini inaunguruma katikati yetu. Akanyoosha mkono akaizima bila kuiangalia.

"Kaka," alisema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana hakuijua tena sauti yake ilivyo. Barabara nzima ilisikia.

Yale yote niliyoyapanga yakanitoka. Niliinamisha kichwa, nikayatazama madoa ya oili kwenye viatu vyake, nikasema harakaharaka, kama nilivyosema kwenye simu. Nilipomaliza sikujibiwa. Nikadhani sasa ndiyo basi, nimechelewa.

"Inua uso," alisema. "Ukiinama siyaoni. Sema polepole, kaka, nikuangalie mdomo."

Nikainua uso. Miaka minane sikuwa nimeyaona macho yale, na sasa yalikuwa yamekaza midomoni mwangu, yanangoja, yana hamu. Wateja wake na fundi cherehani walikuwa wanatutazama, Mama Mayai amekumbatia trei zake. Nikasema neno moja moja, kwa sauti, ingawa sauti yenyewe ilikuwa ya hao wengine tu.

"Wewe ulisikia. Mimi ndiye niliyesema ifungwe. Nilikusingizia. Nisamehe, mdogo wangu."

Midomo yake ilikuwa inafuata yangu, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza kusoma. Ilipofika mwisho ikasimama. Alipangusa uso kwa mkono wenye grisi, akajichafua shavu zima.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

Sikujua kama hakuyaelewa au alitaka tu kuyaona tena. Nikarudia.