Cherehani Iliyoshona Hewa

Kabla hujanicheka, jua kwamba nilikuwa na miaka miwili na nusu, na kisa hiki nilisimuliwa na mama yangu, Saidati, mtu asiyejua kudanganya. Chumvi ni yangu.

Mwaka hamsini na sita mama alikuwa fundi wa nguo hapa Gisenyi, kwenye baraza la mafundi katika mtaa wetu wa Waislamu. Cherehani zilikuwa nne: wanaume watatu na yeye. Yake ilikuwa mali ya Abdu, kaka wa baba yangu. Baba mwenyewe alikuwa njiani na malori ya Bukavu, tunamwona mara moja kwa mwezi, masharubu yake yananuka dizeli.

Cherehani ile ilikuwa na pedali iliyochechemea. Zile nyingine zilikwenda sawasawa, ya mama ilikwenda ti-ki-ti-ki-TA, ti-ki-ti-ki-TA. Arobaini yangu ilipotimia, alinifunga mgongoni akaendelea kushona. Nilipokuwa mzito, akaniketisha chini ya meza kwenye vipande vya vitambaa. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu ya umwagiliaji. Pazia la duka la Mhindi, nililowesha. Kanzu mpya ya mwalimu wa Kurani, nililowesha. Siku moja nililowesha mita nne za kaki kutoka pindo hadi pindo bila kuruka uzi hata mmoja, na bata wa jirani wakaja barazani kuogelea.

"Shemeji," alisema Abdu, huku akikamua mguu wa suruali. "Hii iko ya karani wa ofisi. Nimwambie nini? Mvua ilinyesha ndani ya mufuko?"

"Ni mutoto, shemeji. Atajifunza."

"Atajifunza lini? Akishaoa? Bon, sikiliza. Alhamisi unashona gauni ya harusi ya binti ya Mukarugwiza wa Mahoko. Nyeupe! Ikilowa, huyu Sefu wako anaenda Kanzenze kwa bibi yake, anakaa kule mpaka akue. Ao mutoto, ao cherehani. Chagua."

Mama hakuwa na la kuchagua. Bila cherehani tungekula mchanga, na bila mimi angekuwa anakanyaga pedali huku anatazama chini ya meza tupu. Bibi alikuwa mtu mwema, lakini Kanzenze ilikuwa mbali. Angeniona Idi hadi Idi.

Ikabaki siku mbili. Alifanya kama mama wote wa huku: aliketi, akanikalisha juu ya miguu yake, akapuliza sikioni mwangu ili nikojoe, "Psss... psss..." Alipuliza asubuhi, akapuliza mchana, mpaka midomo ikamkauka. Mimi nikamtazama tu usoni, mkavu kama samaki wa kuanikwa.

Jumatano akaja Nyiramana, muuza samaki wa Rubona, kuchukua blauzi yake. Aliweka kikapu chini, akaketi kwenye ngazi, akamtazama mama akipuliza.

"Yewe, Mama Sefu! Utapasuka mapafu."

"Kijana wangu haiko na maji tumboni, Mama Nyiramana. Maji yake yote anawekea nguo za watu."

Mama akanirudisha chini ya meza, akaketi kumalizia ukosi wa blauzi. Akakanyaga. Ti-ki-ti-ki-TA. Hapo hapo nikafungua ziwa Kivu lote.

"Simama!" alipiga kelele Nyiramana. Mama akasimamisha mguu. Na mimi nikasimamisha maji. "Endelea!" Mama akakanyaga, na mimi nikaendelea.

Nyiramana alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikadondoka ndani ya samaki. "Mama Sefu, mutoto huyu anakutii kushinda watoto wote wa Gisenyi! Kwetu, wavuvi wanaimba wakipiga kasia, na mutoto wa muvuvi analala na ule wimbo. Wimbo ukikatika, anaamka analia. Huyu wako ulimubeba mugongoni, unashona, anakojoa, haujali, unashona tu. Donc basi, wimbo wake ni pedali. Hizo psss zako anasikia kama upepo."

Mama akaenda kuomba kwa Mhindi kopo pana tupu la samli, akalipiga makali yake kwa nyundo hadi yakalala, akalizungushia utepe wa kitambaa chekundu ili lisinikate.

Alhamisi Mukarugwiza alifika mapema kutoka Mahoko, mama mkubwa wa mwili na wa sauti, akaketi barazani kulinda gauni la binti yake kama askari. Abdu naye alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

Mama alilikunja gauni, akamkabidhi Mukarugwiza alishike mapajani. Akachomoa uzi kwenye sindano. Akaniketisha juu ya kopo, akakanyaga pedali.

Ti-ki-ti-ki-TA. Sindano inapanda, inashuka. Hakuna uzi, hakuna nguo.

"Shemeji!" Abdu aliruka. "Unashona nini?"

"Hewa, shemeji."

"Hewa! Mafuta ya mashine yangu, sindano yangu, unashona hewa? Mama Mukarugwiza, unaona? Mutoto analowesha nguo na mama yake amepata wazimu!"

"Nyamaza, we mwanaume," alisema Mukarugwiza. "Sikiliza."

Mafundi wengine watatu waliacha kushona. Baraza zima likanyamaza, ikasikika pedali peke yake, na chini yake, ndani ya bati, sauti ndogo ya mvua ikianza. Ikakaza. Mama anasema ilidumu kidogo. Mimi nasema kopo lilijaa likafurika, mtumbwi ukapita.

Maji yalipokatika, mama akainua mguu. Nikasimama, nikachungulia kopo, nikapiga makofi.

"Mana weee, Mungu wangu," alisema Mukarugwiza. "Abdu, wewe mama yako alikufundisha na nini? Ngoma?"

Mafundi walicheka. Abdu hakucheka. Alitazama gauni mapajani mwa Mukarugwiza, jeupe, kavu. Alinitazama mimi. Kisha akainama, akaliinua kopo kwa mikono miwili, akaenda kulimwaga mwenyewe nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa amelisuuza.

"Rudisha uzi, shemeji," alisema. "Watu wa Mahoko wana harusi."

Tangu siku hiyo, kila kitambaa cha bei kikiletwa, Abdu alisema kwanza, "Shona hewa." Baadaye mama akaanza kuigiza pedali kwa ulimi, ti-ki-ti-ki-TA, nikatii ulimi pia, na kufikia mfungo sikuhitaji wimbo wa mtu.

Kanzenze nilikwenda. Nilikwenda Idi, mgongoni kwa mama, na kesho yake nikarudi naye, mgongo wake mkavu.