Nyundo ya Kijiji

Damari aliizika nyundo ndani ya kiroba cha unga wa uwele, akaisukuma mpaka mpini ukapotea, kisha akakifunga kwa kamba ya katani. Viganja vyake vilikuwa bado na wekundu wa utomvu wa mninga. Jana alizunguka msitu mzima akihesabu magogo: ishirini na mawili. Mpango wa kijiji uliruhusu miti mitano kwa mwaka. Mahali pa matambiko tu ndipo hakufika, maana pale mwanamke haingii, na yeye hakuwahi kuingia.

Nyundo ile ilikuwa na herufi za kijiji kwenye chuma chake. Gogo lisilogongwa alama hiyo ni la wizi, halivuki kizuizi. Kwa hiyo walipokabidhiwa msitu wausimamie wenyewe, wanakijiji walikubaliana nyundo ilale nyumba moja na daftari la uvunaji nyumba nyingine, asipatikane mtu wa kuuza msitu peke yake. Daftari akapewa Yeremia, shemeji yake Damari. Nyundo akapewa Damari kwa sababu aliwahi kumshtaki mwanawe wa kumzaa kwa kuiba boriti mbili humo msituni. Kwa miaka kumi na saba watu walivuna asali humo, chemchemi ikarudi, na chumba cha kujifungulia cha zahanati kikaezekwa kwa mbao za huko huko.

Yeremia aliingia uani bila hodi.

"Shemeji, mimi nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

"Kwamba uvunaji ni halali. Mwenyekiti alikuja na wale watu wa lori. Ningefanyaje?"

"Ungekataa."

"Kusema ni rahisi. Wameshapakia. Toa nyundo yaishe, miti ikishaanguka haisimami tena."

"Haisimami," alisema Damari. "Na haiondoki."

Yeremia alitazama kiroba, akatazama pembeni, akaondoka. Damari alimwonea huruma na alimchukia, vyote kwa pamoja.

Alikata porini kuikwepa njia ya lori, akatembea saa nne, akapata basi la Singida Mjini. Nyundo ilitoka huko, ofisini kwa wakubwa wa misitu. Basi angewarudishia mkononi, awaeleze, nao wangeshuka wenyewe waje waone visiki. Aliamini hivyo kwa moyo wote. Kijijini kwao mtu huamini karatasi yenye mhuri kuliko jirani yake.

Mchana basi lilisimama kwenye kizuizi cha mazao ya misitu. Afisa kijana alipanda kutafuta mkaa, akichoma viroba kwa nondo. Ndani ya kiroba cha Damari nondo ikagonga chuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nani kakwambia unga una mifupa?"

Abiria wakacheka. Damari alishuka naye, akaitoa nyundo, akaipangusa kwa khanga, akamweleza yote: miti, mwenyekiti, daftari. Kijana alisikiliza vizuri, wala hakumkatisha.

"Hilo lori tunalo hapa nyuma," alisema. "Tumelizuia tangu asubuhi. Magogo hayana alama."

Damari alimshukuru Mungu kwa sauti. Machozi yalimtoka, hakuyaonea aibu.

"Sasa mama, una kibali cha kusafiri na nyundo?"

"Kibali gani? Mimi ndiye mtunzaji."

"Mtunzaji huitunza kijijini. Hapa wewe ni mtu aliyekutwa na mali ya serikali kwenye kiroba."

"Ni mali ya kijiji."

"Mama, usinifundishe kazi. Hiki sasa ni kielelezo cha kesi." Aliichukua mkononi mwake taratibu, kwa adabu zote. "Kaa humu ndani, tunasubiri gari la polisi."

Humu ndani kilikuwa chumba cha bati walimowekea mkaa waliokamata. Nje basi liliondoka. Damari aliweka jicho kwenye tundu la msumari. Aliliona lori, turubai limefunuliwa. Aliwaona watu wawili wamepanda juu ya magogo. Na kando ya tairi alimwona Yeremia, daftari kwapani, akitazama viatu vyake. Afisa akampa utingo wa lori nyundo.

Ko.

Damari alipiga bati kwa viganja vyote viwili. "Yeremia! Yeremia, nakuona!"

"Mama, tulia," sauti ya kijana ilijibu. "Watu wako kazini."

Ko. Ko. Aliijua sauti ile. Kwa miaka kumi na saba aliipiga yeye mwenyewe, mara tano kwa mwaka, na kila mara watoto wa shule waliletwa kutazama. Aliketi juu ya gunia la mkaa akahesabu, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Akashusha pumzi. Yameisha, alijiambia.

Ko.

Akainua kichwa. Ko. Ko. Utingo alikuwa amehamia upande wa pili wa lori, akigonga bila haraka. Ishirini na sita. Ishirini na saba. Damari alikumbuka mahali pekee ambapo hakufika, pale pa matambiko, akaacha kuhesabu. Nje nyundo iliendelea.