Spinachi za Mama Matundu

"Mama, hebu njoo uone," mpimaji wa maabara aliita bila kugeuka, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Mama Matundu alisogea hadi kwenye kompyuta. Jina hilo alipewa sokoni kwa sababu ya spinachi zake zilizotobolewa na viwavi, ambazo wateja walizipita wakicheka. Hapa maabara hakuna aliyecheka. Hapa zilingojewa. Ili kujua kama mboga za watu zina mabaki ya dawa ya wadudu, mpimaji alihitaji kwanza mboga isiyo na dawa kabisa ya kulinganisha nazo, maana hata ujani wa jani peke yake huweza kuidanganya mashine. Mboga hiyo safi ilitoka kwenye tuta la mjane huyu, nyuma ya nyumba yake, na kwake heshima hiyo haikuwa na mfano. Siku ya kupeleka majani alivaa viatu vyake vya kutokea.

"Mstari wako huwa umelala kama mkeka," mpimaji alisema. "Leo una kilima."

Kweli kilikuwepo, kimechongoka katikati ya mstari, mahali ambapo dawa hujionyesha.

"Labda blenda haikuoshwa vizuri?"

"Naomba iwe hivyo, mama yangu."

Akaanza upya. Akachukua blenda nyingine, akasaga majani yaliyogandishwa, akatia kimiminika cha kuitoa dawa kwenye jani, akatia chumvi, akatikisa chupa mpaka jasho likamtoka. Kisha chupa ikazungushwa kwa kasi, na maji ya juu yakapitishwa kwenye unga wa kuondoa rangi. Mama Matundu akasogea tena kwenye kompyuta. Kilima kikajichora palepale.

"Mama, umepulizia dawa?"

"Mimi? Sijajipulizia hata manukato tangu nifiwe!"

Mpimaji alicheka bila kutaka, kisha akatoa jani moja kikapuni na kuligeuza huku na huku. Halikuwa na tundu hata moja. Wakatazamana.

"Nina akiba ya majani yako kwenye friza," mpimaji alisema taratibu. "Ikiisha kabla tuta lako halijasafika, itanibidi nitafute bustani nyingine. Sitaki, mama. Lakini itanibidi."

Nyumbani Mama Matundu alimkuta mkwewe, mume wa bintiye, akimwagilia tuta. Tangu mguu uanze kumsumbua mama mkwe, kijana huyo fundi baiskeli alikuwa akija kila asubuhi bila kuitwa.

"Umeona zinavyong'aa, mama?" alimwambia, uso umemchanua. "Juzijuzi nilizipulizia dawa ukiwa umelala. Nimechoka kusikia mama yangu anaitwa Matundu."

Hasira ilimpanda Mama Matundu hadi kooni, ikakuta shukrani imekwisha kukaa hapo, ikashindwa kupita. Tangu mumewe afariki, nani mwingine aliwahi kuumia kwa ajili ya jina lake?

"Ahsante, baba. Ahsante sana, Mungu akubariki. Sasa kaa chini nikwambie ulichofanya."

Alipomaliza kusikiliza, mkwe alikuwa ameshika kichwa. Hakula siku hiyo. Alikata majani yote yaliyopuliziwa, akayafukia mbali na bustani, akaacha mioyo ya mashina tu ichipue. Chupa ya dawa akairudisha dukani, ingawa mwenye duka alimwona kama aliyerukwa na akili. Na kiwavi wa kwanza alipoonekana kwenye chipukizi, alikimbia kumwita mama mkwe kana kwamba mgeni wa heshima amebisha hodi.

Kipimo cha kwanza kilionyesha kilima kimepungua. Cha pili, kimekuwa kichuguu. Mpimaji hakuwahi kulalamika. Alipima tena na tena, nje ya kazi zake, na kila mara alimshukuru Mama Matundu kwa kuja, na Mama Matundu akamshukuru yeye kwa kusubiri, mpaka wakaanza kutaniana nani ataishiwa na ahsante kwanza.

Lakini akiba kwenye friza nayo ilikuwa ikipungua. Siku mfuko wa mwisho ulipofunguliwa, Mama Matundu alikwenda maabara na mkwewe. Mkwe aliketi ukingoni mwa benchi kama mwanamume anayengoja habari kutoka wodi ya wazazi. Mashine ikaanza kuchora. Mstari ukasogea, ukafika mahali pale, ukapita.

"Hakuna kitu," mpimaji alisema.

"Hakuna kitu?" Mkwe hakujua acheke au alie.

"Hakuna kitu kabisa, kaka. Hongera."

Mkwe alivua kofia, akajifunika uso nayo. Mama Matundu akamshika bega.

Mpimaji alichukua jani moja lililosalia kikapuni. Ndani ya maabara ni marufuku kula, kwa hiyo alivua glavu, akatoka nalo hadi upande wa pili wa mlango wa kioo. Pale koridoni, bila kuliosha, alilikunja, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu huku akiwatazama.